Sungura na Simbilisi: Kwa Nini Banda Moja Haliwafai

Wazazi, walimu na vijana wafugaji, swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko yote tangu nianze kazi ya mifugo katika nyanda hizi za juu za kusini ni hili: je, sungura na simbilisi wanaweza kulala banda moja? Jibu langu ni hapana, na muda niliopewa nitautumia kueleza sababu, kwa kuwa najua wengi wenu mnao nyumbani wakiwa pamoja na hamjaona tatizo lolote.

Kwanza niondoe utata wa jina. Hapa kwetu wengi humwita simbilisi pimbi, ilhali pimbi mwenyewe ni mnyama wa majabalini ambaye kwa nasaba yu karibu na tembo kuliko panya. Simbilisi ni mnyama mdogo wa jamii ya panya, na asili yake ni milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, alikofugwa kwa maelfu ya miaka kama kitoweo. Sungura tunayemfuga ametokana na sungura-mwitu wa Hispania na Ureno. Hawa wawili hawakuwahi kukutana porini. Tuliowakutanisha ni sisi, kwa sababu wote wana manyoya, wote hula majani, na banda moja hugharimu mbao chache kuliko mawili.

Kwa hiyo hawaelewani, na hilo nalisema kwa maana yake halisi. Sungura husema kwa mwili: akitaka kulambwa manyoya huinamisha kichwa mbele ya mwenzake na kungoja, na asipohudumiwa anaweza kusukuma au kung'ata. Simbilisi husema kwa mdomo. Akisikia tu majani yakichakarishwa mlangoni hupiga mluzi unaosikika mpaka nje. Kichwa kilichoinamishwa mbele yake hakimwambii kitu.

Niliwahi kuitwa katika nyumba moja ambako sungura dume mweupe aliishi na simbilisi jike mmoja. Mtoto wa nyumba hiyo alinieleza kwa furaha kwamba wanapendana, kwani sungura humlamba rafiki yake mchana kutwa. Nilipomshika yule simbilisi nilikuta manyoya ya mgongoni yamenyonyoka hadi ngozi inaonekana, sikio moja lina kovu, na uti wa mgongo unahesabika kwa vidole. Tulipotia majani, alibaki amejibana kwenye kona mpaka sungura aliposhiba ndipo akasogea kuokota mabua. Dume lile halikuwa likimlamba kwa mapenzi. Lilikuwa likimpanda, na yeye hakuwa na pa kukimbilia. Wanyama wanaowindwa huficha maumivu, kwa hiyo kimya cha banda msikichukue kuwa ni amani.

Tazameni pia uzito. Sungura mweupe wa New Zealand hufikia kilo 4 hadi 5, na simbilisi ni nadra kuzidi kilo 1 na robo. Sungura akishtuliwa na mbwa usiku hurusha miguu ya nyuma bila kuangalia nani yuko karibu, na teke hilo moja linaweza kuvunja mbavu za simbilisi. Kuna na maradhi yasiyoonekana: sungura wengi hubeba puani bakteria aitwaye Bordetella bronchiseptica bila kuugua, lakini bakteria huyo huyo akimwingia simbilisi huleta homa ya mapafu inayoua haraka. Ndiyo maana hata siwashauri kuwatenganisha kwa wavu ndani ya banda lile lile, maana chafya hupita kwenye wavu.

Nije kwenye chakula, ambako ndiko makosa mengi yanakotokea. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, sungura anaweza. Simbilisi anahitaji takriban miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na mwenye mimba hufikia 30. Anayelishwa chakula cha sungura cha dukani na nyasi kavu peke yake huanza, baada ya wiki mbili au tatu, kuvimba viungo na kukataa kutembea, na mwenye nyumba husema amekuwa mvivu. Mpeni pilipili hoho, sukuma wiki na majani mabichi kila siku. Wala msidhani kila kijani kinafaa: majani ya parachichi, yaliyojaa katika mashamba ya Njombe, ni sumu kwa wote wawili. Na kwa kuwa nimetaja sumu, nawaomba msiwape penisilini au amoksilini ya kumeza iliyobaki kabatini, kwani huua bakteria wazuri wa tumbo na mnyama hufa kwa kuhara.

Sakafu nayo inawatofautisha. Mabanda mengi ya sungura huinuliwa na kuwekewa wavu chini ili kinyesi kidondoke. Mguu mwembamba wa simbilisi huzama katika matundu hayo ukavunjika. Bibi zetu waliomwacha akimbie kwenye sakafu ya jiko, karibu na joto la mafiga, walikuwa wamemweka pazuri zaidi, hasa kwa baridi ya Juni na Julai.

Mwenye wote wawili leo asiwatenganishe akaridhika. Simbilisi akibaki peke yake hudhoofika. Nchini Uswisi kanuni za ulinzi wa wanyama za mwaka 2008 zinataka awe na mwenzake wa aina yake. Mtafutie jike mwenzake, na sungura naye mpe mwenzake, ila madume wawili wazima wasikae pamoja kwani hujeruhiana sehemu za siri. Mwenye uwezo wa banda moja tu na achague aina moja, na kama fundi bado hajaanza kupigilia misumari, mwambieni atengeneze kuta za mbao, kona mbili za kujificha zenye milango miwili kila moja, na vyombo viwili vya chakula. Naona mikono imeanza kunyooshwa. Tuanze na mama aliyekaa karibu na mlango.