Kusoma Kichwa cha Ubao: Namna ya Kuutambua Mti Uliokwisha Kupasuliwa

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa useremala, wafanyabiashara wa mbao na ndugu zangu maofisa misitu mnaokesha vizuizini:

Vipande vitatu vya mbao mnavyopokezana vimepigwa randa na kupakwa vanishi, na kila aliyevishika tangu niingie ukumbini ameniambia kuwa vyote ni mninga. Mninga ni kimoja tu. Cha pili ni mkurungu, ndugu wa karibu wa mninga, na cha tatu ni mkaratusi uliotiwa rangi. Iwapo sisi tulio humu, ambao tunaishi kwa mbao, tumeshindwa kuvitenganisha, yule anayejenga nyumba yake ya kwanza hapa Dodoma atavitenganishaje?

Ninauliza hivyo kwa sababu mji huu, tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, umekuwa ukila milango, fremu na samani kwa kiasi ambacho ardhi yake kame haiwezi kukizalisha. Mbao ngumu nyingi tunazozitumia hutoka mbali, katika misitu ya miombo ya Tabora na Katavi, na zinapotufikia zimekwisha kupoteza majani, maua na magamba, yaani kila kitu ambacho mwanakijiji angeutambulia mti. Kinachobaki ni ubao na karatasi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na kanuni zake zinataka leseni ya uvunaji, alama ya nyundo, yaani muhuri unaogongwa kwenye mbao, na hati ya kusafirishia, nami sina neno baya juu ya karatasi hizo. Hata hivyo, hati husema jina aliloandika mtu, na jina hilo halina maana mpaka apatikane wa kulilinganisha na ubao wenyewe.

Mahali pa kuusomea ubao ni kwenye kichwa chake, pale msumeno ulipokata nyuzi kwa kukingama, wala si kwenye uso mpana mnaopenda kuusifia. Chukueni kisu chenye makali ya wembe, kateni sehemu ndogo ya kichwa hicho hadi iwe laini, ilowesheni kidogo, kisha itazameni kwa lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Naomba tulikazie suala la kisu, kwa kuwa kisu butu husaga nyuzi na kuziba kila kilichopaswa kuonekana, na makosa mengi niliyoyashuhudia kwa wanafunzi yalitokana na makali wala si macho.

Mtakachokiona kwanza ni vitundu, ambavyo ni midomo ya mirija iliyopandisha maji mti ulipokuwa hai. Paina haina vitundu hivyo kabisa, kwa hiyo huondoka kwenye shaka mara moja. Katika mninga vitundu ni vikubwa, vinaonekana hata bila lenzi, na kandokando yake kuna tishu nyeupe iliyotanda kama mabawa, ambayo mara nyingi huungana na kuwa mistari ya mawimbi. Katika mkaratusi kila kitundu kimekaa peke yake, na vingi vimejipanga kwa mshazari. Ugeuzeni sasa ule uso mpana wa mninga kuelekea mwangani, nanyi mtaona vijistari vyembamba vilivyopangana kwa usawa, mfano wa alama ambazo maji huziacha mchangani. Mkaratusi hauna alama hizo, na hakuna rangi wala vanishi inayoweza kumtengenezea mtu alama hizo.

Rangi na harufu visaidie, visihukumu. Tunazijua sanamu zinazouzwa kwa jina la mpingo ilhali ni mti mweupe uliosuguliwa dawa ya viatu. Kwangueni chini ya kitako chake, mtaona ukweli. Mpingo wa kweli una vitundu vidogo mno, na kiini chake huzama majini. Mkongo nao mara nyingi huwa na ungaunga wa manjano ndani ya vitundu. Zipo pia mbao za jamii ya mninga ambazo takataka zake za randa, zikilowekwa kwenye glasi ya maji safi, huyapa maji mng'ao wa buluu juani.

Lakini kati ya mninga na mkurungu lenzi hufika mwisho wake, kwa maana inatuonyesha jamii, yaani kundi la miti iliyo ndugu, na mara nyingi haitufikishi kwenye aina, yaani mti mmoja ndani ya kundi hilo. Hapo inahitajika maabara ya kemia au ya vinasaba. Je, basi lenzi haina faida? Inayo, na kubwa. Mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini uliiweka jamii nzima ya mpingo chini ya udhibiti kuanzia Januari 2017, na mkutano wa Panama wa mwaka 2022 ukaongeza jamii za Kiafrika za mninga, mkongo na mkangazi. Kwa kuwa udhibiti huo umewekwa kwa jamii nzima, ofisa anayeutambua ubao hadi kwenye jamii yake amekwisha kufika mahali pa kuuliza kibali cha kuusafirisha nje, naye amefika hapo kwa kisu na lenzi, akiwa kando ya barabara.

Ombi langu kwa kila karakana na kila kizuizi ni sanduku moja la vielelezo, vipande vilivyokatwa kwenye miti iliyotambuliwa ikiwa bado imesimama, na majani yake yakiwa yameonekana. Msivichukue dukani, maana mtakuwa mnalinganisha shaka na shaka. Sasa kisu kipo mezani, lenzi ziko tano, na ningependa mzee wetu aliyekaa mbele aanze na kile kipande cha tatu.