Kuzipanga Diski kwa Ajili ya Nakala Rudufu: Mhadhara Uliotolewa Ngomeni, Lamu

Assalamu alaykum, walimu wangu, mama zangu na ndugu zangu.

Katika mji huu tumo wengi tunaohifadhi mambo yasiyopatikana penginepo: picha za hati za mkono, sauti za wazee wakisoma tenzi, hesabu za majahazi na za nyumba za wageni. Nimeombwa nieleze namna ya kuweka nakala rudufu, yaani nakala za akiba za kazi zetu, lakini sina budi kuanza nyuma kidogo, kwani wengi hushindwa kuweka nakala kwa sababu hawajui kazi yao imekaa wapi ndani ya kompyuta.

Kompyuta ya Windows isipobadilishwa huweka kila kitu katika diski C, yaani mfumo endeshi (Windows yenyewe), programu, na hati zako pia. Programu ikipotea husakinishwa upya. Tena kunakili folda yake peke yake mara nyingi hakufai kitu, kwa kuwa sehemu ya taarifa zake imeandikwa katika sajili ya Windows, yaani daftari la ndani la mipangilio ya mfumo. Tunza faili ya kusakinishia pamoja na namba ya leseni, basi. Lakini sauti ya mzee aliyekwisha kutangulia mbele ya haki utaipata wapi tena?

Kwa hiyo diski C, hasa ikiwa ni SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka), iachiwe mfumo na programu, na kazi zote zihamie diski ya pili, tuiite D. Folda ya Documents huhamishika: ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua Properties, kisha Location, uielekeze D. Majina ya faili yaanze na mwaka, mwezi na siku, mfano 2024-03-09-Siyu-tenzi, nazo zitajipanga zenyewe kwa tarehe. Zichunguzeni sana programu za hesabu na za barua pepe, kwani baadhi yake huweka data katika AppData, folda iliyofichwa, na mtu huweza kunakili D yote akaamini amemaliza ilhali daftari lake la hesabu limebaki C.

Baada ya hapo, kunakili ni kuichukua D nzima na kuipeleka kwenye diski ya nje. Ikiwa diski hiyo imeumbizwa, yaani imeandaliwa kupokea faili, kwa mpangilio wa FAT32, haitapokea faili ya GB 4 au zaidi, na video za harusi hufika huko upesi. Tumieni mpangilio wa exFAT au NTFS. Ikisha kunakili, ichomoeni, maana virusi vinavyofunga faili hufikia kila diski iliyochomekwa. Naomba pia tusidanganyike: C na D zikiwa ni vigawanyo, yaani sehemu mbili tu, vya diski moja, hiyo diski ikifa zote mbili zimekwenda.

Nakala nyingine ikae nje ya nyumba, kwa jamaa aliyeko Malindi au Mombasa, na kila mara chagueni faili chache kutoka kwenye nakala hizo, mzifungue kwa kompyuta nyingine, mzisikilize hadi mwisho.