Hitilafu Iliyorekebishwa Isiachiwe Irudi

Wenzangu, jambo hili nimelisema hapa Mombasa mara nyingi, na nitaendelea kulisema hadi litekelezwe: hitilafu ya programu ya kompyuta haijarekebishwa mpaka pawepo jaribio litakaloikamata siku itakaporudi, na jaribio hilo liendeshwe na mashine kila msimbo, yaani maagizo yanayounda programu, unapobadilishwa, bila kumsubiri mtu akumbuke.

Chukueni programu huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa watu kuusoma na kuubadilisha, inayotumiwa na duka la dawa linalokesha. Mteja ananunua dawa saa saba na nusu usiku, tarehe 2, na risiti inatoka na tarehe 1. Sababu ni kwamba programu huchukua tarehe kwa majira ya UTC, saa ya marejeo ya kimataifa, ambayo yako nyuma ya yetu kwa saa 3, kwa hiyo baina ya saa sita na saa tisa usiku tarehe ya UTC bado ni ya jana. Mchangiaji mmoja anairekebisha kwa mstari mmoja, anashukuriwa, yamekwisha. Baada ya miezi kadhaa mwingine, kwa nia njema kabisa, anausafisha msimbo, anauona mstari ule hauna kazi, anaufuta. Anaijaribu programu mchana, mambo ni shwari. Nani atakayekesha aijaribu saa saba usiku? Ndiyo maana jaribio lapaswa kupewa saa ya kubuni, yaani liambiwe kwamba sasa ni saa saba na nusu usiku za Mombasa, wala lisisome saa ya mashine linamoendeshwa, kwani seva nyingi za kujengea programu, yaani kompyuta zinazougeuza msimbo kuwa programu inayotumika, zimewekwa UTC, na jaribio hilohilo laweza kufaulu kwako na kufeli huko. Na kabla ya kurekebisha chochote, liandikeni jaribio kwanza, mlione likifeli. Jaribio ambalo hakuna aliyeliona likifeli halijathibitisha kitu.

Najua nitaambiwa: sisi tunajitolea, muda wa kuandika majaribio tutautoa wapi? Hoja hiyo inanikera, maana kujitolea ndiko hasa kunakoyafanya majaribio yawe ya lazima: aliyeijua sababu ya mstari ule amekwisha kupata ajira na kuondoka, na hakuna wa kuulizwa. Itazameni SQLite, programu ya hifadhidata, ambayo timu yake ni ya watu wachache mno, lakini msimbo wa majaribio umeuzidi ule wa programu yenyewe mara mamia. Mradi wa PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, nao una mtandao wa mashine zilizotolewa na watu wa kujitolea, zenye mifumo endeshi na prosesa za aina mbalimbali, ambazo huchukua msimbo mpya, huujenga, huujaribu na kutoa taarifa.

Kuhusu ujenzi wenyewe nitasema kwa ufupi, kwa kuwa muda umenitupa mkono. Matoleo ya maktaba, yaani misimbo iliyoandikwa na wengine, mnazozitegemea yaandikwe bayana, ili ujenzi wa leo na wa mwezi ujao usitofautiane. Jaribio linalofaulu leo na kufeli kesho ilhali msimbo haujaguswa lirekebishwe mara moja au liondolewe, kwa sababu watu wakizoea kuipuuza alama nyekundu ya jaribio lililofeli wataipuuza hata siku ya hitilafu ya kweli. Tena, ikiwa kila badiliko linajengeka, amri ya bisect ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo, kwa kuyagawa mabadiliko nusu kwa nusu, italipata lililoleta hitilafu miongoni mwa mabadiliko 1,000 kwa hatua takriban 10 tu. Majaribio ya kupima kasi sitayafikia leo. Tuingie kwenye maswali.