Mkwaju Mmoja, Mikwaju Miwili: Python na Baki Yake

MASANJA: Haya, tumerudi. Zuhura, leo anza wewe, maana tangu uingie hapa unafungua mdomo na kuufunga.

ZUHURA: Asante mtani. Wiki hii nimeitwa kwenye ofisi moja inayotunza mizigo ya watu. Sitaitaja. Wanatoza elfu sabini kwa wiki. Kuna mteja wao wa siku nyingi, mzigo wake hukaa siku kumi hivi, na miaka yote amelipa elfu sabini. Safari hii kapewa ankara ya laki moja. Bei haijapanda, siku ni zile zile kumi.

MASANJA: Akalipa?

ZUHURA: Mfanyabiashara wa Kariakoo alipe bila kuuliza? Alikuja na ankara zake zote za nyuma kwenye bahasha ya kaki, akazipanga mezani moja moja. Ndipo nikaitwa. Nikafungua skripti, programu ndogo inayopiga hesabu. Ni ya lugha ya Python, imeandikwa mwaka 2014, na aliyeiandika alishaondoka. Seva ya zamani ilikuwa na Python 2.7. Imekufa, wamehamia mpya, na mpya ina Python 3 peke yake.

MASANJA: Eeh, naona inakoelekea.

ZUHURA: Aliyehamisha aliiendesha, ikagoma kwa sababu ya print, amri ya kuonyesha maandishi, kuandikwa bila mabano. Akatumia 2to3, kile kifaa kilichotolewa pamoja na Python kwa ajili ya kugeuza msimbo wa 2 uwe wa 3. Mabano yakawekwa, skripti ikakubali, kila mtu akarudi kwenye kazi zake. Lakini mle ndani kuna mstari unasema: siku, mkwaju, saba, mara elfu sabini. Mkwaju ni ile alama ya kugawanya, /. Haya niambie, kumi gawanya kwa saba?

MASANJA: Moja.

ZUHURA: Moja, baki tatu. Hiyo ni Python 2, ilikuwa inakupa moja na baki inaitupa. Python 3 inakupa moja nukta nne mbili nane na kuendelea. Zidisha kwa elfu sabini, laki moja hiyo hapo.

MASANJA: Kwa hiyo ile baki tatu ndiyo iliyomtoza mzee wa watu elfu thelathini!

ZUHURA: Ndiyo hiyo hiyo.

MASANJA: Baki tatu! Unakumbuka shule ya msingi? Mwalimu anauliza, darasa zima linaitika: "Moja, bakiii tatu!" Hakuna aliyethubutu kuiacha baki. Ukiiacha, unakosa.

ZUHURA: Masanja, ratiba. Wasikilizaji tuliwaahidi safari nzima ya Python, tangu Guido van Rossum alipoianza likizo ya Krismasi ya 1989 akiwa CWI, taasisi ya utafiti wa hisabati na kompyuta kule Amsterdam, mpaka toleo la 3.14 lililotoka Oktoba 2025. Na mwishoni masomo matatu kwa wanaoanza. Nimeyaandika kabisa.

MASANJA: Tutafika. Lakini kwanza baki. Kwa nini Python ilikuwa inaitupa?

ZUHURA: Ilirithi kwa lugha ya C. Na kinachoshangaza, kabla ya hapo Guido alifanya kazi kwenye lugha ya ABC, hapo hapo CWI, na ABC ilitunza sehemu kamili kabisa, saba kwa mbili ni saba kwa mbili, hakuna kinachopotea. Ila ilikuwa nzito. Alipotengeneza ya kwake, ile aliyoitoa Februari 1991, akachukua desturi ya C: namba kamili kwa namba kamili, jibu ni namba kamili.

MASANJA: Na lugha ya Ruby mpaka leo iko hivyo. Saba kwa mbili, tatu. Perl na JavaScript zinakupa tatu na nusu tangu zizaliwe.

ZUHURA: C ina utetezi wake, kwa sababu umetangaza aina ya kila kigezo, unajua unachogawanya. Kwenye Python hutangazi. Kwa hiyo 10 kwa 7 ni moja, lakini 10.0 kwa 7 ni moja nukta nne. Mstari ule ule! Karani akileta siku kutoka kwenye faili la Excel, ambako namba mara nyingi zinasomwa kama desimali, ankara inabadilika, na hakuna mtu aliyegusa skripti. Hiyo ndiyo hoja ya PEP 238, hati ya pendekezo la kuibadilisha Python, ya mwaka 2001, ya Moshe Zadka na Guido mwenyewe. Ukiisoma mwanzoni kabisa inataja ugomvi mkubwa uliozuka kati ya watumiaji.

MASANJA: Ugomvi wa haki.

ZUHURA: Na wakautuliza kwa upole. Desemba 2001, toleo la 2.2, wakaleta mikwaju miwili, //, kwa anayetaka namba kamili. Mkwaju mmoja ukaachwa na tabia yake ya zamani, ila ukitaka mpya mapema unaweka juu ya faili from __future__ import division. Halafu Python 3 ikatoka Desemba 2008. Miaka saba ya kuonywa!

MASANJA: Swali langu ni moja. 2to3 iliweka mabano ya print. Kwa nini haikugusa ule mkwaju?

ZUHURA: Haiwezi. Inasoma maandishi tu, haijui kama siku itakuwa 10 au 10.0 wakati programu inaendeshwa. Ingebadilisha kila mkwaju uwe miwili, ingewaharibia waliokuwa wanagawanya desimali.

MASANJA: Basi hapo ndipo ninapokamata shati. Kugoma kwa print sina neno nako. Inapiga kelele, unarekebisha, unaenda nyumbani. Lakini kuchukua alama ambayo watu wameiandika miaka kumi na saba, ukaipa maana nyingine, faili linaitwa vile vile .py, na isipige kelele hata kidogo? Hapana. Huo ni uvunjaji wa ahadi.

ZUHURA: Ahadi gani? Aliyeandika mwaka 2014 alikuta mikwaju miwili ipo miaka kumi na zaidi. Kama alimaanisha wiki zilizotimia, angeandika hivyo.

MASANJA: Aliandika kwa lugha aliyokuwa nayo! Ilimpa wiki zilizotimia, akaijaribu, ikamjibu sawa, akaondoka. Alimaanisha wiki zilizotimia.

ZUHURA: Umejuaje? Mimi nilimuuliza mkuu wa ofisi, akasema wanatoza wiki zilizotimia. Mhasibu aliyekaa pembeni yake akasema hapana, sera ni kutoza siku zote, tulikuwa tunapoteza hela miaka yote. Wakaanza kubishana wao. Hakuna karatasi. Skripti ndiyo iliyokuwa sera.

MASANJA: Umeona? Skripti ndiyo sera! Halafu watu wa ng'ambo wameibadilisha sera ya ofisi ya Dar es Salaam bila kikao.

ZUHURA: Sasa usiseme hivyo. Wameondoa utata uliokuwa umeificha sera. Ngoja nikuonyeshe hawa watu wanavyofikiri kuhusu baki, maana kuna sehemu waliyotutendea haki sisi kuliko wengine wote. Saa.

MASANJA: Saa?

ZUHURA: Saa za Kiswahili. Darasa langu la Jumamosi nilikuwa nawapa zoezi: kompyuta inasema saa za kimataifa, wewe andika programu iseme saa zetu. Unafanyaje?

MASANJA: Unatoa sita. Ikizidi kumi na mbili unachukua baki.

ZUHURA: Saa kumi asubuhi ya kompyuta, toa sita, saa nne. Sawa. Sasa saa tatu ya kompyuta, usiku wa manane.

MASANJA: Tatu toa sita... hasi tatu.

ZUHURA: Baki ya hasi tatu kwa kumi na mbili?

MASANJA: Kwenye JavaScript, hasi tatu.

ZUHURA: Kwa hiyo unamwambia bibi yako ni saa hasi tatu usiku!

MASANJA: (anacheka) Saa hasi tatu! Bibi atajua mjukuu kalogwa.

ZUHURA: C, hasi tatu. PHP, hasi tatu. Python inakujibu tisa. Saa tisa usiku, jibu sahihi kabisa, bila kuongeza mstari. Kwa sababu Python inapogawanya kwa mikwaju miwili inashuka chini kila mara, hata kwenye hasi. Hasi saba kwa mbili ni hasi nne, wakati C inakupa hasi tatu. Na baki inachukua alama ya kigawanyo, chanya au hasi. Guido alieleza sababu yake mwaka 2010: ukichukua sekunde za kompyuta zinazohesabiwa tangu 1970, ukatafuta baki kwa 86,400 ili ujue ni muda gani wa siku, tarehe za kabla ya 1970 zina hasi. Akataka muda wa siku utoke sawa hata huko nyuma.

MASANJA: Perl nayo inajibu tisa, weka rekodi.

ZUHURA: Imewekwa. Ila saa sita ya kompyuta inatoka sifuri, hiyo ni lazima uigeuze kumi na mbili mwenyewe.

MASANJA: Saa sifuri alfajiri. Hiyo angalau bibi angeivumilia.

ZUHURA: Na kuna msikilizaji wa Mombasa alituuliza kwa nini ukiikadiria mbili na nusu kwa amri ya round kwenye Python 3 inatoa mbili.

MASANJA: Hiyo nayo! Mwalimu alisema tano inapanda. Python 2 ilipandisha, ikakupa tatu. Leo mbili na nusu inakuwa mbili, tatu na nusu inakuwa nne. Alama nyingine iliyobadilishwa kimya kimya.

ZUHURA: Inakwenda kwenye shufwa iliyo karibu. Ukipandisha kila nusu, ukajumlisha ankara elfu kumi, jumla yote inaelemea juu. Ukienda kwenye shufwa, nusu za kupanda na za kushuka zinakaribia kulingana. Wahasibu wanaijua zamani.

MASANJA: Hoja nzuri, na ningeipenda kama ingeitwa jina jingine. Perl 5 ya 1994 ninaitunza kwenye seva za Mwanza mpaka leo. Nikitaka tabia mpya naandika juu ya faili use v5.36, na ukaguzi mkali wote unawashwa. Nisipoandika, faili langu la zamani linafanya kilekile lilichofanya. Faili linataja umri wake. Python ingefanya hivyo.

ZUHURA: Na Perl 6? Ilitangazwa mwaka 2000, ikatoka Krismasi ya 2015. Miaka kumi na tano watu wanasubiri.

MASANJA: Na mwaka 2019 ikapewa jina lake, Raku. Lugha nyingine, jina jingine. Anayekwenda anakwenda kwa kupenda, hakuna aliyeamka akakuta ankara imepanda.

ZUHURA: Hakuna aliyekwenda, mtani! Wengi walibaki walipo. Python iliumiza watu, nakubali iliumiza. Mwisho wa Python 2 ulipangwa 2015, ukasogezwa mpaka Januari 2020 kwa sababu watu hawakuwa tayari. Lakini leo mtoto wa Jumamosi akigawanya saba kwa mbili anapata tatu na nusu, na akiandika ng’ombe kwa ile ritifaa iliyopinda ya Word anahesabiwa herufi saba.

MASANJA: Zamani ilikuwaje?

ZUHURA: Tisa! Ile ritifaa inachukua baiti tatu, na Python 2 ilikuwa inahesabu baiti. Ukichanganya na maandishi mengine inakuangukia. Majina yetu, Nyang’wale, Ng’wanza, yalikuwa yanaangusha ripoti. Ilikuwa lazima ivunjwe.

MASANJA: Maandishi nakubali. Yalikuwa yanaanguka tayari, hukuvunja kitu kizima. Lakini mkwaju ulikuwa unafanya kazi.

ZUHURA: Ulikuwa unafanya kazi kwa bahati.

MASANJA: Miaka kumi na saba ya bahati ni desturi.

ZUHURA: Na mimi nafundisha watu ambao hawakuwepo kwenye hiyo desturi. Kwa nini walipe?

MASANJA: Na mzee wa Kariakoo kwa nini alipe? Elfu thelathini!

ZUHURA: Alirudishiwa.

MASANJA: Kwa sababu alitunza ankara. Asiyetunza?

ZUHURA: ... Asiyetunza hakurudishiwa. Hata hivyo sibadilishi msimamo. Lawama ninaiweka kwa kuhamisha bila jaribio hata moja la kulinganisha ankara za zamani na mpya.

MASANJA: Na mimi ninaiweka kwenye lugha. Tumekwama.

ZUHURA: Tumekwama. Na Faraja anatuonyesha vidole viwili pale kwenye kioo.

MASANJA: Dakika mbili? Mambo yote bado! Guido kujiuzulu Julai 2018 baada ya ugomvi wa PEP 572, pendekezo la alama mpya ya :=, baraza la uongozi la 2019, ile Python ya 3.13 inayoweza kuendeshwa bila kufuli ya GIL, ile inayoruhusu uzi mmoja tu wa programu kuendeshwa kwa wakati mmoja...

ZUHURA: Na masomo yangu matatu.

MASANJA: Soma moja.

ZUHURA: Hayasomeki moja moja, la pili linategemea la kwanza. Acha. Niseme hili la haraka kwa wenye skripti za zamani: kabla hamjahama, endesheni ile ya zamani kwa python2 mkiweka -Qwarn. Itawaonyesha kila mkwaju unaogawanya namba kamili. Na 2to3 msiitafute kwenye 3.13, imeondolewa.

MASANJA: Wiki ijayo hatupo, studio inapakwa rangi. Tukirudi tunaanza na GIL, na safari hii Zuhura hatasimulia kazi za watu.

ZUHURA: Nitasimulia. Kwaherini.