Kukata Ncha Kunarefusha Nywele? Lete Futi Kamba Tupime

Habari zenu wapendwa, karibuni. Leo nimekaa dirishani hapa nyumbani Tabata, na feni nimeizima makusudi maana vipande vya nywele na feni havipatani. Mkiniona natiririka jasho mjue ni joto la Dar, si woga wa mkasi.

Swali mnaloniuliza kila wiki ni hili: "Dada, nikitaka nywele zirefuke, ni lazima nikate ncha kila baada ya miezi mitatu?" Wengine mmeshaambiwa na msusi kabisa kwamba usipokata, hazikui. Nijibu kabla hujashika mkasi: kukata hakuoteshi nywele. Unywele unaota kutoka kwenye mzizi ulio ndani ya ngozi ya kichwa. Huo uliochomoza nje umeshakufa, ndiyo maana ukikatwa huumii, na mzizi huko ndani hauna habari kwamba huku mwisho kuna mtu kapita na mkasi.

Hii "kata ziote" nadhani tumeitoa kwenye mchicha. Ukiuchuma mchicha vizuri, siku chache baadaye umechipua matawi pale pale ulipochumiwa. Unywele hauchipui hivyo. "Na mtoto anayenyolewa siku ya 7, mbona nywele zake zinarudi nene?" Ncha ya unywele ambao haujawahi kukatwa ni nyembamba kama ncha ya ukuti. Ukinyoa, unaochomoza una ncha butu, ukipitisha kiganja unakwaruza, macho yanasema umenenepa. Halafu nywele za uchanga hubadilika zenyewe baadaye, anyolewe asinyolewe.

Sasa mkasi wa nini? Wa kanga. Nunua doti Kariakoo, ikate vipande viwili, usiipinde, kisha ifue mara tano. Nyuzi zinaanza kufumuka pembeni, kila ukifua zinapanda juu kidogo, na ukichelewa fundi hana budi kukata sehemu nzuri pia ndipo apinde. Kupinda hakujawahi kuirefusha kanga, ila kunaiokoa. Ncha ya unywele iko hivyohivyo. Kwa nje unywele umefunikwa na vigamba vilivyolaliana kama magamba ya samaki. Chanuo, pasi ya nywele, dawa, jua na kitambaa cha mto vinavibandua kidogo kidogo, hadi nyuzi za ndani zinabaki wazi na unywele unapasuka. Mpasuko huo hauzibiki, hata kwa yale mafuta ya bei mbaya. Yanaugandisha tu hadi utakapoosha tena.

Haya, hatua ya kwanza: pima. Chukua futi kamba, ile ya fundi cherehani. Vuta fungu dogo la nywele linyooke bila kulikomoa, weka sifuri ya futi kwenye ngozi, soma mwisho. Pima sehemu nne: mbele, utosini, upande mmoja juu ya sikio, na kisogoni. Mimi leo mbele nina sentimita 19 na kisogoni 26. Andika kwenye simu pamoja na tarehe. Usiruke hapa, kwa sababu nywele zetu za kipilipili hujikunja, na macho hayawezi kukwambia kama zimekua. Kuna dada ameapa mwaka mzima kwamba zake hazikui, tulipopima tukakuta zimeongezeka, kinachomdanganya ni kioo.

Hatua ya pili: osha. Saa moja kabla ya kuosha, au usiku wa kuamkia siku hiyo, paka mafuta ya nazi kuanzia katikati kwenda kwenye ncha. Mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele, kwa hiyo unapoosha haunywi maji kupita kiasi wala haupotezi protini nyingi. Kama kwenu mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, na Dar wengi tuko huko, tenga ndoo moja ya maji yasiyo na chumvi ya kusuuzia mwisho, hata kama ni ya kununua. Paka kondishna, chana kwa chanuo la meno mapana, anza kwenye ncha upande juu, usianze juu ukaburuta fundo lote hadi chini. Kisha zisokote misokoto minene na uache zikauke kabisa. Unywele uliolowa unavutika. Ukizikata zikiwa zimelowa, zikikauka zinajikunja na unaziona fupi kuliko ulivyotaka. Wenye nywele za dawa, ninyi nyoosheni tu zikauke.

Hatua ya tatu ndiyo ninayotaka mkae nayo. Nenda penye mwanga wa mchana, taa ya sebuleni haitoshi. Chukua karatasi nyeupe. Fungua msokoto mmoja, shika nywele kati ya vidole viwili, ziteremshe hadi ncha zichungulie, kisha weka karatasi nyuma yake. Sogeza kamera hapa... mmeona? Hapa juu nywele zimejaa, karatasi haionekani. Hapa chini, kama sentimita moja na nusu ya mwisho, karatasi inaonekana katikati ya nywele moja moja. Huo ndio wembamba tunaoutafuta. Sasa huu mmoja nautenga: mwisho wake umegawanyika kama manati. Na huu mwingine una kidoa cheupe, kadogo kama chembe ya chumvi, sentimita mbili kabla ya mwisho. Wengi wanadhani ni mba au mabaki ya mafuta. Hapana, hapo unywele umevunjika kwa ndani. Angalia, naukunja pole pole... umekatika palepale kwenye kidoa. Na huu una kifundo, umejifunga wenyewe. Vifundo hivi tutavipata sana tu wenye kipilipili, na havimaanishi kwamba nywele ni mbovu.

Ukisikiliza pia utajua. Sugua ncha kati ya kidole gumba na cha shahada karibu na sikio. Nzuri zinateleza kimya. Zilizochoka zinalia kama majani makavu.

Nikiwa hapohapo: msichanganye kukatika na kunyonyoka. Nywele 50 hadi 100 kung'oka kwa siku ni kawaida kabisa, zimemaliza muda wake. Ukikaa na rasta wiki sita, hizo ni siku 42. Hata kwa 50 tu kwa siku, unapofumua unakutana na nywele 2,100 zilizokuwa zimenasa mle ndani. Bonge lile linatisha, watu wanapiga picha wanalia. Uchukue mmoja uuangalie: ukiwa na kitone cheupe upande mmoja, umetoka na mzizi, ulikuwa unaondoka tu. Ukiwa mfupi na hauna kitone popote, huo umekatika. Vipande vifupi vikiwa vingi kwenye taulo na kwenye kola ya nguo, ndipo ncha zako zinakuhitaji.

Umekagua misokoto yote na hujaona kitu? Rudisha mkasi kabatini, ukague tena baada ya miezi mitatu. Kweli, usikate.

Kwa waliokuta kitu, twende hatua ya nne. Mkasi uwe mkali na uwe wa nywele tu. Ule wa jikoni unaofungulia pakiti za maziwa, au ule wa msusi unaokata nyuzi za kushonea wivingi, unatafuna unywele badala ya kuukata, na unatengeneza mpasuko mpya wiki hiyohiyo. Sokota tena nywele misokoto midogo, kama ishirini hivi kichwa kizima, ncha ya kila msokoto izungushe kidoleni ikae pamoja. Shika kwa vidole pale wembamba unapoanzia, na ukate chini ya vidole, mkasi ukatize msokoto moja kwa moja, siyo mshazari kama unachonga penseli. Nusu sentimita. Tazama kilichobaki kwa karatasi. Bado kuna mpasuko? Ongeza kidogo. Ukikata katikati ya mpasuko umefanya kazi bure, utaendelea kupanda, kwa hiyo kata juu yake. Vifundo na vile vidoa vyeupe vilivyo peke yake, vikate kimoja kimoja huku unaangalia tamthilia, usiadhibu fungu zima kwa kosa la unywele mmoja.

Baada ya hapo paka mafuta kidogo kwenye ncha mpya, zifiche ndani ya msokoto au kilemba cha satini unapolala. Fikiria: ncha ya unywele wa sentimita 30 ina umri wa karibu miaka mitatu. Imepita masika kadhaa, rasta kadhaa, na lile jua la kituoni unapongoja daladala. Mzee huyo ndiye wa kumtunza, mizizi inajitunza.

Sasa mara ngapi? Hapa ndipo urefu wa watu wengi unapoishia. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na za kipilipili mara nyingi pungufu kidogo ya hapo. Tuseme moja. Miezi mitatu, sentimita tatu. Msusi akikukata "inchi moja tu" kila miezi mitatu, hiyo ni sentimita mbili na nusu. Umebakiwa na nusu. Mwaka mzima umeongeza sentimita mbili, halafu unamlaumu bibi yako kwamba ukoo wenu hauna nywele! Mwenzako anayekata nusu sentimita mara mbili kwa mwaka amebaki na kumi na moja. Mkikaa kiti kimoja cha saluni mtaonekana hamtoki nchi moja.

Maoni yangu: anayevaa nywele zake za asili zilizosukwa kwa kulegea, akague kila miezi mitatu au minne na akate penye haja. Anayeweka dawa au kupiga pasi mara kwa mara akague kila wiki nane, maana moto na dawa havingoji. Lakini tarehe ni ya kukagua, siyo ya kukata.

Ukienda saluni, usiseme "nipunguzie ncha". Niliwahi kusema hivyo, nikainamisha kichwa kusoma meseji, nilipokiinua kisogo kilikuwa kinapigwa na upepo. Dada wa watu hakuwa na ubaya; kwake ncha ni vidole vinne. Siku hizi nafika na futi yangu, nashika nywele mwenyewe, namwambia, "Dada, mwisho ni hapa, anza na fungu moja nilione kwanza." Wengine wananicheka. Wacheke.

Na mkasi usipewe kazi isiyo yake. Nywele za pembeni mwa uso zikirudi nyuma, tatizo ni rasta za kubana, fumua, pumzisha. Ukiona mabaka yasiyo na nywele, au kichwa kinauma na kuwasha, muone daktari wa ngozi mapema, maana makovu yakishaingia kwenye mizizi hazirudi.

Haya, nimemaliza kichwa changu. Napima tena: mbele 18 na nusu, kisogoni 25. Naandika chini ya zile za mwanzo, tarehe ileile. Kisha nakusanya vipande vyote kwenye gazeti, hadi kile kilichoruka dirishani, kwa sababu bibi yangu alitukataza kabisa kuacha nywele zizagae. Sababu hakuwahi kutuambia waziwazi, nasi hatukuthubutu kuuliza. Nazitumbukiza chooni, halafu ndipo nawasha feni.