Omba Utakalo: Haja za Mtu na Moyo Wake

Ndugu zangu, kule Gibeoni Mungu alimtokea Sulemani katika ndoto, akamwambia aombe atakalo, naye atampa. Mtu akiambiwa hivyo, visingizio vyote vimekwisha. Sulemani akaomba moyo wa kuwaamua watu kwa haki. Someni jibu la Mungu katika 1 Wafalme 3: anayataja hata ambayo kijana yule hakuyaomba, yaani maisha marefu, mali na kufa kwa adui zake. Kumbe tusiyoyataka nayo hutushuhudia.

Mithali 21:10 inasema nafsi ya mtu mbaya hutamani mabaya. Hajainua mkono bado, lakini jirani yake hapati tena huruma machoni pake. Uovu umeanza zamani, kabla ya tendo.

Mbele kidogo, mstari wa 25 na 26, yupo mvivu ambaye matakwa yake yanamuua kwa sababu mikono yake inakataa kazi. Yupo na anayetamani mchana kutwa. Sasa, mnatarajia mwenye haki asemwe kwamba hatamani kitu, sivyo? Sivyo ilivyoandikwa. Imeandikwa kwamba hutoa, wala hazuii. Nawasihi mkae hapo. Wapo wanaofundisha kwamba mcha Mungu ni yule aliyeua kila haja moyoni, na mafundisho hayo yamewalemea wengi bure. Mithali 13:12 inaiita haja iliyopatikana mti wa uzima! Swali ni je, ukipata, mkono wako unafunguka au unafumba? Mruba, yule mnyonya damu wa Mithali sura ya 30, ana binti wawili, na kilio chao ni “Nipe! Nipe!” tu.

Tena haja hubadilika. Sulemani huyohuyo, katika 1 Wafalme sura ya 11, ana wake 700 na masuria 300, na moyo wake umegeuzwa kufuata miungu mingine. Inaniuma kila ninapoisoma.

Ndiyo maana nampenda Aguri, mwenye maneno ya sura ileile ya 30 ya Mithali. Anaomba mambo mawili kabla hajafa: aepushwe na uongo, na asipewe umaskini wala utajiri, bali chakula kinachomtosha. Sababu anaitoa mwenyewe: akishiba anaweza kumkana Bwana, na akiwa fukara anaweza kuiba. Aliujua moyo wake pande zote mbili, akauombea.