Je, ni lazima ustaarabu ujiangamize?
(Mhadhara uliotolewa Iringa)

Kamwene, ndugu zangu. Tuanze na hesabu, maana swali hili likiachiwa hisia tu, kila mtu anaondoka na hofu yake.

Mwaka 1961, huko Green Bank, Marekani, mwanaastronomia Frank Drake aliandika kanuni ya kukadiria idadi ya staarabu zinazoweza kuwasiliana ndani ya galaksi yetu. Ina vipengele saba vya kuzidishwa. Sita vinahusu nyota, sayari, uhai na akili. Cha saba, L, ni miaka ambayo ustaarabu unadumu ukiwa na uwezo wa kurusha mawimbi. Drake aliona vile sita, vikishazidishwa, vinakaribia moja, kwa hiyo jibu lote linaiangukia L. Waliochonga mashoka ya mawe pale Isimila, karibu na hapa Iringa, walidumu muda mrefu mno, ila L yao ni sifuri: hawakuwa na redio. Wala hawakuwa na uwezo wa kujimaliza.

Tuseme L ni miaka 1,000. Zinapatikana staarabu 1,000 kwenye galaksi yenye upana wa miaka ya nuru 100,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru, na mawimbi ya redio pia, husafiri kwa mwaka mmoja). Jirani wa karibu, kwa wastani, yuko umbali wa zaidi ya miaka ya nuru 1,000, na mawimbi yake yanachukua miaka hiyo yote kutufikia. Kwa hiyo ukimya wa angani hauthibitishi kwamba wenzetu wamekufa.

Sasa hatari yenyewe. Chukua hatari ya kujiangamiza ya asilimia 1 kwa mwaka. Ni ndogo, kama kuteremka mlima mkali wa Kitonga mara moja; shida ni kuteremka kila siku. Nafasi ya kupona mwaka mmoja ni 0.99; zidisha 0.99 kwa yenyewe mara 100, yaani miaka 100, inabaki 0.37. Fika mara 500, inabaki chini ya 0.01. Wanaosema hatuponi wana haki, mradi hatari ibaki ileile. Ipunguzeni nusu kila baada ya miaka 25, na nafasi ya kupona inagota karibu asilimia 60 hata mkihesabu milele. Namba hizi ni za mfano. Kinachoamua ni mwelekeo wake.

Hatari inapunguzwaje? Tarehe 3 Juni 1980, kompyuta za ulinzi za Marekani zilionyesha makombora ya Kisovieti yanakuja. Marubani wa ndege za mabomu wakawasha injini. Kosa lilikuwa chipu ya kompyuta ya senti 46 za Marekani. Mfumo ulikuwa ukituma muda wote ujumbe wa majaribio wenye umbo la tahadhari halisi, penye idadi ya makombora pakiwekwa 0. Chipu ikaweka 2. Kubadilisha chipu pekee kusingetosha, itaharibika nyingine. Ujumbe wa majaribio ukabadilishwa usifanane tena na tahadhari, na ukaguzi wa makosa ukaongezwa.

Vichwa vya nyuklia navyo vimeshuka, kutoka kama 70,000 miaka ya 1980 hadi kama 12,000. Bado ni vingi mno. Kombora la kutoka bara moja hadi jingine husafiri kama dakika 30. Ondoa muda wa kuligundua na kulithibitisha, kiongozi anabaki na dakika chache za kuamua. Kuhifadhi vichwa mbali na makombora yake kungezigeuza dakika hizo kuwa saa, pengine siku, na kazi hiyo haihitaji teknolojia mpya.